Karatasi ya Viungo Vyangu

Usinitazame kwa jicho hilo. Shule nimeishia la saba, lakini masikio sikuyaacha darasani, na baraza wanayokalia wale ipo chini ya dirisha langu, hapa Kikwajuni. Nlikuwa ndani nnachagua mchele kwa vidole vilivyovimba, na kila neno nlilisikia. Kila alasiri wapo watatu: Hisham, tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi, Makungu, tunamwita Wakili, alitoa ushahidi mahakamani mara moja na tokea hapo hajatoka, na mume wangu Junaid, mwenye birika la kahawa. Siku hiyo walishika karatasi yangu ya hospitali. Bima imeirudisha, dawa haitoi.

— Sababu hii hapa, akasema Redio. M kumi na tatu. Hiyo wodi. Bi Muzna kashalazwa, hajaambiwa tu.

— Wodi wapi, akasema Wakili. Hiyo namba ya ugonjwa. Kila ugonjwa una namba yake, kama nyumba.

Angekomea hapo ningemheshimu.

— Ya kwanza mafua, akaendelea. Unapanda, unapanda. Ukifika ishirini unasomewa khitma.

— Junaid, zimebaki saba, akasema Redio.

— Semeni pole pole, atasikia.

Nshasikia.

— Hawamtibu tena, akasema Redio, wanamtafiti. Watakuja na kamera wampige picha yeye, na nyumba, na paa.

— Paa waliache, akasema Junaid. Linavuja.

Hapo akafika Riyama, binti wa masjala ya hospitali, kaja kwa miguu na faili kwapani.

— Shikamooni. Nimeifuata karatasi ya Bi Muzna. Daktari kaandika viungo vimevimba, basi. Hakutaja vipi wala upande gani, ndo nami nikaweka M kumi na tatu, namba ya viungo visivyotajwa. Bima haikubali. Daktari yupo mpaka saa kumi, akiandika upya leo, kesho dawa inatoka. Ni viungo vipi?

— Vyote, akasema Junaid.

— Kwa daktari nani alijibu?

— Mie. Daktari kauliza, nami ndo mumewe.

— Basi nambie, babu. Vidole? Magoti? Kulia au kushoto?

Redio akazimika. Junaid, tuliyeoana naye miaka arubaini na mbili, akautazama mlango.

— Asubuhi hawezi kufungua kopo la majani ya chai, akasema. Mpaka jua lipande ndo vidole vinamlegea. Mkono gani, sijui. Mie nnamfungulia kabla hajalishika.

Riyama akaandika.

— Hilo la asubuhi daktari alilihitaji sana. Mbona hukumwambia?

— Hakuniuliza mambo ya chai.

Nikavaa buibui langu, nikatoka.

— Mikono yote miwili, nikamwambia Riyama. Vidole, hapa kwenye vifundo, na hapa panapofungwa saa. Mwezi wa nne huu tokea vianze. Twende.

— Na miguu, Bi Muzna? akauliza Redio.

— Miguu mizima, ndo nnayoondokea.

Junaid akainuka anifuate, kanzu kaikusanya mkononi.

— Kaa, nikamwambia. Leo ntajibu mwenyewe.

Nikauvuta mlango kwa mikono yote miwili, mpaka ukafungika.