Wa Kwanza Kati ya Mmoja: Maisha ya Teofisto Manahan, Fundi wa Ngozi

"Senda, hivi huyo kaka yako kila Jumapili anakwenda kushindana na nani?"

Ndivyo Aling Pacing, mama jirani wa ukuta mmoja, alivyomuuliza Rosenda, mdogo wa marehemu, siku moja wakianika nguo. Rosenda alijibu, "Na wenzake, Aling Pacing," na moyoni akajua si kweli, maana wenzake hawakuwepo. Jibu lenyewe lilichelewa miaka mingi. Limo humu.

Teofisto Manahan, ambaye wengi mlimwita Mang Tisto kwa heshima, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1955 mtaa wa San Roque, hapa Marikina, mtoto wa kwanza wa fundi viatu Graciano Manahan na mkewe Felisa. Alibatizwa wiki mbili baadaye katika parokia hii hii ya Bikira Maria Mama wa Walioachwa. Kati yake na Rosenda walizaliwa wawili, Mungu akawachukua wangali wachanga, na hivyo Tisto alikaa miaka kumi na miwili bila wa kucheza naye. Mama yao alikuwa akisimulia jinsi alivyocheza karata peke yake chini ya meza, upande huu na upande ule, huku akijikaripia: "Wewe! Acha kuchungulia!"

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968. Sekondari aliishia mwaka wa pili, baba yao alipopata kiharusi. Mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani mara mbili kuomba arudi darasani. Alimwandalia mwalimu kahawa, akamshukuru, akarudi kwenye kigoda cha baba na kushika nyundo. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwa nyundo hiyo Rosenda alifika darasa la sita, na hakuwahi kukumbushwa hata siku moja.

Alishona viatu mpaka mwaka 1987. Mwaka huo Ambrosio Kalaw, Mang Ambo, kinyozi wa pale kona, alimletea bastola tupu iliyofungwa kwenye gazeti.

"Tisto, nishonee ala ya kuvaa kiunoni. Niliyonunua inaning'inia kama ulimi wa mbwa."

"Nitashonaje kitu nisichojua kinavyotumika?"

"Basi Jumapili twende mlimani ukaone."

Walikwenda, baada ya misa ya kwanza, mpaka kwenye uwanja wa shabaha kule San Mateo, na Tisto hakutoka tena katika mchezo ule. Mliotoka uwanjani mnaujua. Mtu anakimbia, anapinda ukuta, anapiga shabaha za boksi na bamba za chuma huku saa ikimhesabia. Akimaliza, wenzake wanainua bamba zilizoanguka na kubandika karatasi kwenye matundu, ili anayefuata akute shabaha nzima. Hakuna anayelipwa kubandika, na hakuna anayeangaliwa vizuri akikaa tu kivulini. Tisto alijishonea kijimfuko cha ngozi cha kuwekea vibandiko, na mara nyingi alibandika kuliko alivyopiga.

Ala zake zilivaliwa na wengi mliopo hapa. Alikutembeza kwanza, akakukalisha, akakuinamisha kama unayefunga kiatu, ndipo alipokata ngozi. Ala za plastiki zilipoingia, wateja walipungua mmoja mmoja. Hakununa. Alisema, "Plastiki ni nzuri. Hailowi mvua." Kisha akaipaka mafuta ngozi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Tarehe 9 Januari 1982 alifunga ndoa na Ligaya Panganiban, mshonaji wa sehemu za juu za viatu katika karakana ya jirani. Mungu aliwapa binti mmoja, Florabel. Mwaka 1991 Ligaya alikwenda Hong Kong kumtunza bibi mzee wa watu, ikawa anarudi kila baada ya miaka miwili kwa wiki tatu. Aliporudi kabisa, mwaka 2005, alirudi na saratani, na tarehe 2 Juni 2006 akafariki. Florabel alikuwa amekwisha kwenda Ireland kwa kazi ya uuguzi. Ndipo Rosenda, ambaye hakuolewa, alipohamia kwa kaka yake ili sufuria isipikie mtu mmoja.

Sasa habari ya silaha yake. Mwaka 1998, wakati kila mtu alikuwa akihamia bastola za kisasa zenye magazini ndefu za risasi na kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, Tisto na Ambo walichagua rivolva, bastola ya zamani ya gurudumu, risasi sita basi. Katika mchezo ule kila aina ya silaha ina kundi lake, na mtu hupimwa na wa kundi lake tu, wa kwanza akihesabiwa asilimia mia. Hao wawili wakawa kundi zima. Waligombana kila Jumapili nani mzee, nani kipofu, na njia nzima ya kurudi Ambo alidai saa ilimwonea. Jumamosi jioni Rosenda aliwapangia risasi kwenye vyuma vya duara vya kujazia gurudumu, sita sita, na kwa kila risasi Salamu Maria moja, wasiumie wala wasimuumize mtu. Mafuriko ya Septemba 2009 yalipojaza karakana matope mpaka dirishani, watu wa klabu walikuja na makoleo bila kuitwa, wakafua ngozi siku tatu. Ambo ndiye aliyekuwa mbele.

Ambo alifariki Mei 2011. Tangu hapo jina la Tisto liliandikwa chini kabisa ya karatasi ya matokeo, peke yake: wa kwanza, kati ya mmoja, asilimia mia. Medali hapakuwa, kwa kuwa kundi lisilofika watu watano halipewi.

Nardo Bunag, katibu wa klabu, alimsihi sana. "Mang Tisto, hamia kwetu jamani. Hiyo bastola yako ilibatizwa kabla yangu!"

"Na ina adabu kukuzidi."

Lakini nyumbani alimwambia Rosenda, "Nikihama, wataufuta mstari wa rivolva. Ambo yumo kwenye mstari ule." Ukiacha miaka miwili ya ugonjwa ule wa dunia nzima, hakukosa shindano. Alirudi na karatasi yake ya asilimia mia, akaikunja, akaitia kwenye droo ya gundi.

Jumapili tarehe 16 Oktoba 2022 alifika mlimani, akakuta chini ya rivolva majina matano, pamoja na lake. Tangu Julai wenzake walikuwa wametafuta rivolva zao za zamani makabatini na kuhangaikia vibali kimyakimya. Nardo, aliyezoea magazini ndefu, alikimbia vizuri, kisha ikasikika tik, tik, tik.

"Imeharibika!"

"Imekwisha, mwanangu!" Tisto alipiga kelele kutoka nyuma. "Ni sita! Hesabu vidole, toa vinne!"

Siku hiyo Daktari Perlita Ocampo, wa meno, alimshinda. Tisto alikuwa wa pili, asilimia themanini na nne. Aliingia nyumbani akiita, "Senda! Senda, nimeshindwa!" mpaka Rosenda akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani kuna msiba. Kisha Tisto akapanda juu ya ndoo, akachungulia juu ya ukuta.

"Aling Pacing! Uliuliza nashindana na nani. Nimeshindwa na daktari wa meno!"

"Amekung'oa?"

"Bila ganzi!"

Karatasi ile hakuikunja. Iko kwenye mlango wa friji mpaka leo.

Februari 2023 figo zake zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wenzake walimpeleka kwa zamu, Mungu awalipe. Machi alipanda mlimani mara ya mwisho, akabandika matundu akiwa kwenye kiti. Wale wanne wa Oktoba walikuwa wamerudi kwenye silaha zao za kawaida, na hakuna wa kulaumiwa. Julai Nardo alimletea matokeo kama kawaida. Tisto aliyasoma mpaka chini, akayageuza, akayasoma tena. "Mstari haupo," alisema. Wali wake ukapoa.

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2023, saa kumi jioni, saa ya kupanga risasi, akiwa na miaka sitini na saba. Alikuwa amepakwa mafuta matakatifu asubuhi.

Ameacha binti yake Florabel na mumewe, wajukuu wawili, Niall na Ligaya mdogo, na mdogo wake Rosenda. Tunamwomba Bwana amlaze pale alipo mkewe, alipo Ambo, apumzike akiwa na watu.

Wiki moja kabla, alimwandikisha Rosenda maneno haya nyuma ya karatasi ya Julai, akaagiza yasomwe yote, asiruke hata moja:

"Rudisheni mstari wa rivolva. Jiandikisheni hata wawili, hata kama wote hamjui kulenga, ila asiwe mtu mmoja. Na mkishuka kutoka mlimani Jumapili, piteni kwa Senda mkale. Huwa anapika wali wa watu wawili."