Kigoda Ambacho Hatukukigeuza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, ndugu wajumbe wa kamati, wafanyakazi wenzangu, na ninyi majirani mliosimama nje ya geti kwa kuwa kadi za mwaliko hazikuwafikia: nawasalimu wote, na majirani nawasalimu mara mbili.

Mmenipa saa ya ukutani na maneno matamu. Nashukuru. Lakini leo nastaafu, na baada ya miaka ishirini na sita ya kuwatembeza wageni katika nyumba hii nina hasira, na sitaondoka nayo kifuani.

Kila mwaka tunakaa semina tukijiuliza: kwa nini wenyeji hawaji kwenye makumbusho yao? Mwaka jana tuliandika mkakati mnene kama godoro. Hawaji? Walikuja, jamani! Tuliwafukuza sisi wenyewe.

Miaka mitatu iliyopita alikuja bibi mmoja, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Alipita sebuleni kwa Daktari, aliyekuwa mwenye nyumba, bila kugeuza shingo. Akaenda moja kwa moja jikoni, akavuka kamba, akakalia kigoda. Aliyemfokea ni mimi, si mwingine.

"Mama, inuka! Hiyo ni kumbukumbu!"

"Mwanangu, hiki ni cha mama yangu. Alipika humu mpaka macho yakamwishia. Hebu kigeuze uone."

Sikukigeuza. Nilimshika mkono nikamtoa nje, na kibao kikabaki pale pale: "Kigoda cha jikoni. Mtumiaji hajulikani."

Tulipofunga, roho ikanisuta, nikakigeuza. Chini kuna alama saba za kisu. Nimekifuta vumbi miaka yote ile, sikuwahi kuziona! Nikamfuata bibi kwake, uso chini. Akanieleza kwamba mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Masufuria, alichonga alama moja kila alipojifungua. Ya nne imekatwa tena juu yake, maana mtoto huyo hakuishi. Ya saba ni yeye mwenyewe.

Ndugu Mkurugenzi, nilikuandikia. Ukajibu kamati italijadili. Nikakumbusha, ukataka ushahidi wa maandishi. Maandishi gani tena, kwa mwanamke ambaye hakuna aliyempeleka shule? Tunajua Daktari alivaa viatu namba ngapi, lakini aliyempikia miaka thelathini hajulikani. Hajulikani kwa nani? Muulizeni muuza mkaa hapo kona, atawaambia hata alivyokuwa akicheka. Ninawasifu kwa jambo moja: kwa kamba hamna mpinzani. Kila chumba kina yake, na zote zinang'aa.

Bibi huyo sasa ana miaka themanini na minne. Ombi lake ni moja tu, aone jina la mama yake jikoni kabla hajafumba macho. Mimi kamati nimeshaisubiri vya kutosha. Kibao kile nimekibandua asubuhi, kimo mfukoni mwangu, na funguo za nyumba hii nitazikabidhi kibao kingine kikishabandikwa. Na hicho kiti kilichofunikwa kitambaa hapo mbele, kati ya Mgeni Rasmi na Mkurugenzi, ambacho mmekuwa mkinong'onezana ni cha nani, si kiti. Ni kigoda.

Mlinzi, fungua geti, wote waingie. Nanyi wengine, ahsanteni kwa kunivumilia, nimemaliza.

Mama, shikamoo. Siku ile nilikuinua. Leo nakuomba, njoo ukae.