Radi na Tairi la Lori

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi matairi ambaye madereva wa malori walimjua kwa jina moja tu: Radi. Radi amefariki akiwa kazini. Tairi la lori lilimpasukia.

Jina hilo hakulipata bure. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na mkono mwepesi kuliko sauti. Mkewe anacheka akikumbuka, machozi yakimlengalenga: "Siku ya harusi yetu alikuja na shati lenye damu. Wamezichapa na mdogo wake njiani, eti nani akae kiti cha mbele!"

Huyo mdogo wake ndiye mchomeleaji wa gereji yao. Radi ndiye aliyemlea, baada ya baba yao kuwafukuza wote wawili kwa mkanda. Alimfundisha kazi kwa makofi. Mdogo mtu alipoota misuli, akaanza kuyarudisha. Wateja walizoea. Walivuta viti pembeni, wakasubiri ndugu wamalizane ndipo waulize bei.

Lakini kuna wakati Radi alinyamaza. Rimu, kile chuma kinachovishwa tairi, ikipata ufa, wao waliichomelea ikiwa bado imevaa tairi. Radi alikuwa anang'oa kile kijisindano cha valvu, hewa inatoka yote kwa mluzi, kisha anakibana kwenye meno. Hakitoki mpaka chuma kipoe. Valvu mdomoni, hewa nje. Ujanani alimwona bosi wake akipasuliwa uso na tairi lililojazwa upepo upesi mno, na tangu hapo hakumwamini mtu na kijisindano hicho. Wenzake walikuwa wakisema hayo ndiyo mapumziko yao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipokosea. Hewa ikipata joto hutaka nafasi. Ukiinyima nafasi, husukuma. Hilo Radi alilijua. Asilolijua ni kwamba mpira ukiungua kwa ndani nao hutoa gesi yake, na gesi hiyo hushika moto. Tundu la valvu ni dogo. Likizibika, gesi haina pa kutokea.

Asubuhi ya siku ile waligombana vibaya. Mdogo alisema anahama, anakwenda kufungua gereji yake. Radi akamrushia spana. Mdogo akamkaba koo, akambamiza ukutani mpaka kalenda ikaanguka.

"Nenda!" Radi alifoka. "Lakini hili lori ulimalize kwanza. Mwenyewe anasubiri."

Basi mdogo akavaa kofia ya kuchomelea, bado anahema kwa hasira. Radi akang'oa valvu, akaibana kwenye meno. Cheche zikaruka. Moshi mweusi ukawa unatoka kwenye tundu. Kisha moshi ukakatika. Mpira ulioyeyuka ulikuwa umeliziba tundu, na tairi likaanza kutuna.

Mdogo, chini ya kofia, hakuona kitu. Alihisi tu bega likimgonga ubavuni. Akadhani ugomvi umerudi. Akavua kofia, akageuka, akamtwanga kaka yake ngumi ya taya. Radi hakuirudisha. Alimsukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na mdogo akaangukia nyuma ya lori. Tairi likapasuka. Rimu ilimpiga Radi kifuani, ikaenda kutoboa bati la paa. Mdogo aliinuka masikio yanavuja damu, akamkuta kaka yake chini, kifua kimebonyea. Radi alikata roho mikononi mwake.

Waliokuwa nje waliona ngumi tu. Maneno yakasambaa: amemuua ndugu yake. Msibani mjomba wao alimkunja shati mbele za watu, akamburuta hadi mlangoni. "Jeneza la mwanangu huligusi!"

Mjane akatoka. Mkononi alikuwa na kijisindano alichokabidhiwa hospitali.

"Wamekikuta kwenye meno yake," alisema. "Alizoea kubana, akasahau kutema. Hakuweza kuita, mjomba. Alikuwa anamwokoa. Mwachie."

Mjomba akaachia. Mdogo akabeba jeneza, akashika mbele.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa mjomba na ukoo wote, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni sana. Mafundi wenzetu, tunawasihi: livueni tairi lote kabla ya kuwasha moto. Kung'oa valvu hakutoshi. Narudia, hakutoshi. Na wewe uliyeachana na ndugu yako kwa hasira leo, hebu mfikirie kidogo.

Tulikwenda kumwona mchomeleaji. Sikio moja halisikii tena, inabidi umsogelee. Tulimuuliza anachokumbuka zaidi. Alijipapasa vidole vya mkono wa kulia.

"Kaka ameondoka ananidai ngumi," alisema. "Nitamlipaje?"