Mchawi wa Jumamosi

KINYOZI: Haloo? Ni nani? Sema upesi, nina kichwa cha mteja mkononi!

MUUZA RANGI: Ni mimi, shemeji. Nimejificha stoo, nyuma ya makopo. Habari za—

KINYOZI: Salama. Umeamua? Jumamosi saa nane tunarusha dadu, kila mtu anaigiza mchawi wake, na karatasi yako ya mchezo ina jina tu. Aina ya uchawi, kati ya zile tatu, hujachagua.

MUUZA RANGI: Nieleze tena hao wachawi watatu.

KINYOZI: Mara ya nne hii! Wa kitabu: kausoma uchawi wake, kakesha nao. Wa damu: kazaliwa nao. Wa mkataba: kapewa nguvu na bwana mkubwa, ila akiitwa—

MUUZA RANGI: Anakwenda.

KINYOZI: Mbio! Huyo unamjua. Umeoa dada yangu, ukapewa na kazi dukani kwa baba.

MUUZA RANGI: Una ulimi wewe! Nataka wa kitabu.

KINYOZI: Wewe? Hata maandishi ya kopo la rangi hujawahi kuyamaliza!

MUUZA RANGI: Na wewe ni wa damu. Duka ulizaliwa nalo, ukatoroka na mkasi.

KINYOZI: Nani katoroka? Nilimwambia baba machoni—

MUUZA RANGI: Ulimwachia barua kwenye droo. Niliikuta mimi.

KINYOZI: [mikwaruzo] ...Mtandao mbovu huu. Sikia, umekosa Jumamosi tatu. Ukikosa na hii, kiti nampa jirani. Mwambie mzee: "Baba, saa saba natoka." Maneno manne tu!

MUUZA RANGI: Yaliyokushinda wewe.

KINYOZI: Mimi hanipati tena. Mimi mtu huru, nina kiti changu, kioo changu—

MUUZA RANGI: Ngoja— Naam, baba! Niko huku! Hapana, baba, nilikuwa nahesabu... Baba, Jumamosi saa saba na— Simu? Ni ya—

BABA: Haloo? Ni nani?

KINYOZI: Shikamoo, baba.

BABA: Marahaba. Kumbe ni wewe unayempigisha mwenzio soga saa za kazi. Jumamosi mzigo unaingia. Njoo ushushe.

KINYOZI: Jumamosi, baba, nilikuwa na—

BABA: Na nini?

KINYOZI: ...Saa ngapi, baba?

BABA: Saa moja asubuhi, mpaka uishe. We, shika simu yako.

MUUZA RANGI: Shemeji? Upo? Salio linakwisha. Kalamu unayo?

KINYOZI: Ninayo.

MUUZA RANGI: Andika wa mkataba. Wawili.