Debe Langu Lilikuwa na Tumbo

Wazee wangu shikamooni. Vijana mliokaa nyuma, mambo yenu nayasikia, punguzeni sauti kidogo nisimame nishuhudie.

Mnanifahamu. Darasa la nne, sikumaliza. Lakini ruksa ya biashara ilipokuja, wasomi wakiwa bado wanaulizana kama ni kweli, mimi nilikwisha fika mpakani Kasesya na kurudi. Lori la kwanza la mtu binafsi pale Chanji lilikuwa langu. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilipookoka nikaokoka kwa kishindo. Nikafunga spika juu ya lori. Kila gulio nilikokwenda kununua mahindi nilihubiri kwanza, ndipo nikapima. Mwaka mzima sikupata hata mtu mmoja wa kuokoka. Nikasema kizazi hiki kimeharibika: kuna vibanda vya video, kuna mahema ya kila dhehebu, na maneno yamekuwa kama mitumba, kila mtu anachambua linalomkaa.

Ndugu zangu, nawaambia, tatizo halikuwa kizazi. Lilikuwa debe langu la kupimia.

Wafanyabiashara mlio hapa mnajua, msiangalie chini. Debe langu nililigonga kitako kwa nyundo, kwa ndani, hadi likatoa tumbo. Ukilitazama ni debe kama mengine, ila linameza zaidi. Na wakulima walijua. Huko Milepa mzee mmoja, mkulima, aliniuliza mbele za watu, "Bwana mkubwa, huyo Yesu wako naye anapimia hilihili?" Watu wakacheka. Mimi nikaongeza sauti ya spika.

Masika ile nikateremka tena Milepa, lori likakata ekseli kwenye tope. Siku ya pili homa ikanikamata, siwezi kusimama. Aliyenichukua ni mama mmoja mjane, Msukuma, wa hao waliohamia na ng'ombe wao. Msimu uliopita nilikuwa nimenunua mahindi yake. Kwa debe lile.

Alinilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala chini. Uji asubuhi, ugali na maziwa mgando jioni. Jioni aliomba kwa maneno machache: "Bwana, mponye huyu mgeni wako." Basi, anazima koroboi. Mimi nimezoea kukesha na spika, nikaona maombi gani hayo mafupi.

Nilipopata nguvu kidogo nikamwambia, mama, unga wako unakwisha kwa ajili yangu, nipimie debe moja nikulipe.

Akasema, "Mgonjwa hapimiwi, baba."

Kesho yake alitaka kunichemshia maji ya kuoga. Debe lake lilikuwa jikoni, tupu, limekwisha tengwa juu ya mafiga, kwa hiyo akaenda kisimani na langu, lililoshushwa kwenye lori. Akarudi nalo kichwani, limejaa. Akamimina kwenye lake. Lake likajaa hadi mdomoni, langu bado lina maji. Yakamwagika, yakamlowesha miguu, yakazima moto upande mmoja. Mimi nimekaa pale kwenye kigoda, naona.

Akachochea moto. "Lako ni kubwa," akasema. Hana hasira.

"Mama, ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na spika, baba. Ningesikika wapi?"

Nililia, mimi huyu. Mwanamke niliyemwibia alikuwa akinilisha mahindi yaliyobaki, na hakunihubiria hata neno moja.

Mavuno yalipofika nilirudi gulioni bila spika. Nikaungama mbele ya wote, nikampa yule mzee mcheshi nyundo, akaliponda debe kwa furaha ambayo sitaisahau. Kila niliyenunua kwake kwa debe lile nikamrudishia mahindi kwa debe jipya. Mzee hakuniamini. Akaja na debe lake, akawa anamimina langu ndani ya lake, anapitisha kijiti juu kusawazisha, anatazama. Msimu mzima hivyo. Msimu wa pili hivyohivyo. Nami nikanyamaza, kazi ngumu kwangu kuliko kubeba magunia.

Msimu wa tatu alikuja na mahindi yake tu, bila debe. "Pima mwenyewe," akasema. Nilipomaliza akauliza, "Ibada yenu huanza saa ngapi?"

Simtaji jina. Amekaa hapo upande wa dirisha, anacheka.

Namshukuru yeye kwa ule ukaidi wake, ulinifunza kuwa mkweli hata siku nilizochoka. Namshukuru mama yule kwa kitanda na kwa uji. Nanyi mlionipokea nilivyo, na majivuno yangu haya ambayo Bwana bado anayapunguza polepole, asanteni.

Kesho ni siku ya gulio. Mtu asiyesoma Biblia atakuja kuuza mahindi yake, ataangalia mkono wako unavyopitisha kijiti juu ya debe. Hapo ndipo atakaposoma.