Maisha ya Mama Nukta na Karatasi ya Vidonge Viwili

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya watoto na wajukuu ninasimama kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nukta, na mtaniwia radhi nikikwama mahali, maana iko sehemu aliyoagiza mwenyewe isomwe, na sisi watoto tumebishana juu yake hadi asubuhi ya leo.

Mama alizaliwa tarehe 3 Agosti 1957, binti wa fundi saa, akafuatiwa na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa haoni, ambaye alipopelekwa shule ya wasioona alirudi likizo na kumfundisha dada yake maandishi ya nukta nundu, wakawa wanawasengenya wageni kwa kubonyezana viganjani chini ya meza, baba yao asiambulie kitu. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akaajiriwa tarehe 1 Februari 1978 kwenye kiwanda cha kuchapa maandishi ya wasioona, akafunga ndoa na baba yetu, seremala, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Kompyuta zilipoingia kiwandani, mama ndiye aliyeandika jedwali la tarakimu, la kuiambia mashine kila nukta ya tarakimu, kati ya zile sita, ikae mahali gani, nazo huhesabiwa moja, mbili, tatu kwenda chini upande wa kushoto, kisha nne, tano, sita upande wa kulia. Siku hiyo, kwa haraka, alizihesabu kwa kwenda kulia, kama jicho linavyosoma, na kwa hiyo mbili, ambayo ni nukta ya kwanza na ya pili, zilizosimama, ikatoka nukta mbili zilizolala, na hiyo kwa msomaji ni tatu. Kwenye kioo cha kompyuta, kilichoonyesha tarakimu za kawaida, hakuna aliyeona kasoro, na tarehe 14 Machi 2005 karatasi za maelekezo ya dawa zikapelekwa kwa wagonjwa.

Tarehe 9 Mei mpokea simu mmoja asiyeona, aliyekuwa akimeza vidonge vya moyo, alifariki, na wiki mbili baadaye mjane wake, asiyeona pia, alikuja kiwandani na karatasi ile mkononi, akauliza kwa upole, "Mwenye duka la dawa anasema ni viwili, mbona hapa ninasoma vitatu?" Mama aliipitishia kidole, akaketi sakafuni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemeza dawa nyumbani kwetu kabla mama hajahesabu vidonge mara tatu, na akiwa anapika au anaongea, vidole vyake viwili vilibonyeza ukingo wa meza, mara vimesimama, mara vimelala, nasi tukijifanya hatusikii. Mwezi wa Julai alikwenda kwa mjane, akamwambia kosa ni lake, na yule mjane akasema, "Dada, daktari anasema moyo wake ulikuwa umechoka zamani. Mimi sijui, na wewe hujui. Tutakaa hivyo hivyo, hatujui." Mama alituambia afadhali angetukanwa.

Alirekebisha jedwali, akazifuata karatasi zile nyumba kwa nyumba, akamwomba mjane akubali kuajiriwa kiwandani, na kwa miaka kumi na miwili hakuna ukurasa uliotoka kabla vidole vya yule mama havijaupitia, wakiketi meza moja, wakiongea mambo ya watoto, la marehemu wasiliguse.

Mama alistaafu mwaka 2017, akapatwa na kiharusi tarehe 20 Januari mwaka huu, na wodini alimwambia dada yangu, "Hilo msilifiche, mkilificha mtakuwa mmenizika nusu." Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na wewe mama uliyeketi mstari wa mbele, mwenzake wa meza moja, uliyemshika mkono hadi ukapoa, na ulipoulizwa na muuguzi u nani wake, ukajibu, "Andika ndugu."

Lala, mama, utulie sasa.