Fundi Aliyeifuata Chai Mwenyewe

Baba Paroko, viongozi wa kata, wakwe, watani, mafundi mliofunga gereji zenu, na nyote mliopanda milima hii hadi Lumuma leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, familia inawashukuru, na kwa niaba yake Frank, mdogo wa marehemu, anawasomea historia hii, akiomba radhi mapema kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa kucheka, na haitawezekana kuisoma yote kwa uso uliokunjwa.

Marehemu Evarist Thadeo Herman alizaliwa hapa hapa Lumuma tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya tisa wa marehemu Mzee Thadeo na marehemu Bibi Letisia, wakulima wa mahindi na vitunguu, na inasemekana kitu cha kwanza alichokifungua maishani kilikuwa redio ya baba yake, na kitu cha kwanza alichoshindwa kukirudishia kilikuwa hiyo hiyo redio, akachapwa, akaendelea kuitazama.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1964 hadi Novemba 1970, darasa lenye wanafunzi arobaini na watatu, ambao kati yao wawili ndio waliopata nafasi ya sekondari, naye Evarist akashika nafasi ya tatu, na mwalimu akamwambia kwa upole kwamba akili anayo, ila viti havitoshi. Jambo hilo alilisimulia maisha yake yote bila kinyongo, lakini hakuacha kuuliza wale arobaini na mmoja walitakiwa kwenda wapi na akili zao.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa katika karakana ya shamba la mkonge kule Rudewa, chini ya Mzee Fortunatus, fundi hodari wa injini za dizeli, aliyemfundisha kila kitu isipokuwa kimoja, kwa sababu ilikuwa desturi ya mafundi wa wakati ule kwamba mwanagenzi akishajua yote, mwalimu atakula wapi? Basi kila walipofikia kuipanga pampu ya dizeli, ile kazi ya kuipatanisha na injini ili mafuta yaingie kwa wakati wake, ambayo ikikosewa hata kwa unywele gari haliwaki, Mzee Fortunatus alijinyoosha mgongo na kusema, "Evarist mwanangu, hebu kanitafutie chai," na Evarist aliporudi na chai alikuta boneti limeshafungwa na injini inanguruma.

Aliifuata chai hiyo kwa miaka minne, hadi mwaka 1977 alipoamka mapema, akajaza chupa chai ya moto nyumbani, akaificha nyuma ya mapipa ya karakana, na alipotumwa akazunguka tu ukuta, akachungulia kwenye tundu la bati mpaka akaona kila alama na kila mzunguko wa spana, kisha akaingia na chupa yake kwa adabu zote, na Mzee Fortunatus akaisifu chai kwamba siku hiyo ilikuwa na tangawizi.

Jumamosi tarehe 26 Septemba 1981, katika kanisa la Kilosa mjini, alifunga ndoa na Consolata, fundi cherehani, ambaye watani wanasisitiza kwamba cherehani yake iliharibika mara moja tu lakini Evarist alikwenda kuitengeneza mara tatu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Herman, ambaye ni mwalimu Singida, Monica, mfanyabiashara wa vitenge hapo Kilosa, na Happyness, mkazi wa Mikumi, pamoja na wajukuu saba.

Shamba la mkonge lilipodorora na karakana kufungwa, marehemu alihamia Mikumi mwezi Mei 1987, akafungua gereji kandokando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya kwenda Iringa na Tunduma hayakomi, na kwa miaka mingi akawa yeye peke yake, kati ya Mikumi na Kilosa, wa kuipanga pampu ikakubali. Alipokea wanagenzi wengi, wavulana kwa wasichana, maana Mikumi vijana walikuwa wamejaa hadi barabarani wakiuza karanga na maji kwenye madirisha ya mabasi, akawafundisha breki, gia, springi na kuchomelea, na hapa familia inasema ukweli mbele ya jeneza lake, kama alivyoagiza mwenyewe usemwe: ilipofika zamu ya pampu, aliwatuma chai.

Alhamisi tarehe 9 Juni 2011 marehemu alikuwa chumba cha upasuaji mjini Morogoro, akipasuliwa ngiri, na nyuma yake pikapu yake nyeupe ilibaki gerejini, pampu ikiwa imefungwa lakini haijapangwa, ndipo Happyness akashikwa na uchungu kabla ya siku zake na kuambiwa akimbizwe hospitali kubwa. Wanagenzi wanne, wenye miaka kumi na tisa ya gereji wakijumlishwa pamoja, waliizunguka pikapu ile, wakajaribu hivi na vile, ikakohoa moshi na kunyamaza, na Happyness akakaa saa mbili kwenye benchi la gereji ya baba yake mzazi, gereji iliyojaa mafundi, akisubiri msaada wa mpita njia. Dereva wa lori la vitunguu ndiye aliyembeba, na mtoto akazaliwa ndani ya kabini katikati ya hifadhi, pundamilia wakitazama, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya honi, akaitwa Grace.

Marehemu alipopata habari alilia, na hakuficha kwamba alilia. Aliporudi aliwaita wanagenzi wake, akawaomba msamaha mmoja mmoja, jambo ambalo fundi mkuu halifanyi, akawaambia, "Ninyi wanangu hamkushindwa, mimi ndiye niliyewanyima. Kuanzia leo, siku ya pampu, anayekwenda kununua chai ni mimi." Na alikwenda kweli, akimwacha mwanagenzi na injini peke yake, akinywa kikombe chake taratibu kwa mama lishe, masikio yakiwa gerejini.

Kuanzia hapo akawa msumbufu wa mikutano ya hadhara, kila akipewa nafasi anasimama na kusema kwamba watu tunao, shule zinafurika, kliniki zinafurika, lakini wa kuipanga pampu tunamhesabu kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kinazeeka. Mwaka 2014 chuo cha ufundi kilimpima na kumpa cheti cha ujuzi wake, akiwa na miaka hamsini na nane, akakitundika juu ya meza ya spana, na tangu mwaka 2011 ametoa mafundi thelathini na wanne, ambao leo wako Makambako, Tunduma, Dodoma na Dar es Salaam.

Mwezi Agosti 2017 alifika gerejini binti wa miaka kumi na tisa, Nkoile, mtoto wa Mzee Lomayani, mfugaji wa mabondeni Rudewa, akiwa na mashine ya kuvutia maji ya ng'ombe iliyogoma, na ilipotengenezwa hakuondoka. Maneno yalikuwa mengi, wakulima wakilalamika kwamba anawafundisha watu wanaolisha mashamba yao, wafugaji wakiuliza binti ataolewa na nani akiwa na mikono ya grisi, naye marehemu akawajibu wote, "Lori likizimika mlima wa Kitonga, dereva haulizi fundi katoka bomani au shambani." Nkoile alikaa nyumbani kwa mama Consolata, akahitimu, akaolewa, mikono ikiwa na grisi hivyo hivyo, na leo Mzee Lomayani amekaa pale mbele na sisi, shikamoo Mzee wetu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2023, na mwezi Machi mwaka huu, mikono ilipoanza kutetemeka, alimwagiza Nkoile aifungue pampu ya pikapu ile ile nyeupe, aifunge kwenye kitambaa na kuiweka kabatini, akisema itarudishwa siku yeye hayupo, nasi tukadhani anazungumzia safari zake za kliniki. Alifariki dunia Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Mikumi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi minne na siku ishirini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani na kina mama wa jumuiya waliotupikia, chama cha madereva, mafundi wenzake, na dereva yule wa lori la vitunguu, ambaye hatukuwahi kumpata tena, popote alipo.

Neno la mwisho ni la juzi Alhamisi. Asubuhi, kule gerejini Mikumi, Nkoile aliitoa pampu kabatini, akainama kwenye injini, wanagenzi wake watano wakimzunguka, na waombolezaji nusu ya mtaa nyuma yao, na kijana mmoja aliponyanyuka kwa mazoea akafuate chai, alimwambia, "Kaa hapo hapo uangalie, chai itakuja." Alipomaliza alifuta mikono, akamwita Grace, akampa ufunguo, na Grace akaugeuza mara moja tu. Pikapu hiyo ndiyo iliyomleta babu yake jana kutoka Mikumi, ikapanda milima yote bila kuzimika, na ndiyo ile imesimama kando ya turubai.

Fundi Evarist, imewaka. Pumzika kwa amani.